Safu ya Maji

Nchi yenyewe haimo katika ramani, kwa hiyo msijisumbue kuitafuta. Akitokea msomaji akasema anaijua, hilo ni baina yake na dhamiri yake. Kazi yetu hapa ni kueleza tu. Iliitwa Jamhuri ya Tulieni. Jina hilo lilipatikana siku ya kwanza ya uhuru, pale Mkuu wa Nchi alipopanda jukwaani, umati ukalipuka kwa vigelegele, naye akatamka neno lake la kwanza akiwa mtawala. Neno hilo likawa jina la taifa, wimbo wa taifa na kifungu cha kwanza cha katiba, na kwa kuwa siku hiyo kulikuwa na shughuli nyingine nyingi, likawa ndiyo katiba yote.

Basi nchi ikatulia. Bendera ilitiwa waya kwenye pindo ili isipepee ovyo. Saa ya mnara wa mji mkuu ilisimamishwa saa nne kasorobo asubuhi, wakati ambao wataalamu waligundua kuwa wananchi hawana maswali. Kutetemeka hadharani kulikuwa kosa, dogo lakini la kuandikwa, na polisi walisamehe baridi tu, tena ile ya mwezi wa saba.

Katika nchi hiyo aliishi Koplo mstaafu Mwidini Kalunde, naye alikuwa anatetemeka.

Ilianza na kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, mwaka mmoja baada ya kustaafu. Kidole kilicheza peke yake juu ya goti, kama cha mtu anayevuta tasbihi. Mkewe Zamda akakifunga kitambaa kwa utani, wakacheka wote wawili. Kidole kikauambukiza mkono, mkono ukaiambukiza taya, taya ikaupa mguu habari, na mwisho zikafuata figo, ambazo hazitetemeki lakini zina namna yake ya kugoma. Zamda akazoea kummiminia chai nusu kikombe, kwa maana ile nusu ya juu ilikuwa haifiki mdomoni.

Mtaa wao uliitwa Mtaa wa Mashujaa: nyumba arobaini za bati walizopewa askari arobaini wa kambi moja. Kumi na nane walikwisha kufa. Waliobaki walifanana kama ndugu wa tumbo moja, kwa ule mwendo wa kuburuta miguu na ile mikono isiyokaa. Ukipita hapo asubuhi ulisikia vikombe vikigonga visahani kuanzia nyumba ya kwanza hadi ya mwisho. Safari moja waliletwa wageni kutoka nje kuja kusikiliza, wakaambiwa ni ngoma ya asili, wakapiga picha.

* * *

Kambi waliyotoka wote iliitwa Ng'arisha. Jamhuri ya Tulieni haikuwahi kupigana na nchi yoyote, lakini haiwezekani jeshi likae bila adui, kwa hiyo Mkuu wa Nchi alitangaza vita dhidi ya kutu. Vita hivyo vilipiganwa Ng'arisha. Bunduki zote za taifa zililetwa pale kila wiki, zikafunguliwa, zikaoshwa grisi ya wiki iliyopita, zikapakwa grisi mpya na kurudishwa, ili wiki inayofuata ziletwe tena kuoshwa. Kila mwaka kutu ilitangazwa kuwa imeshindwa, na kila mwaka bajeti ya kuipiga ikaongezwa.

Silaha ya vita hivyo ilikuja kwa mapipa kutoka ng'ambo. Ilikuwa nyepesi, haina rangi, na ina harufu tamu ya ndizi iliyoiva ikapitiliza. Tone lake moja likigusa grisi, grisi inakimbia. Askari waliiita Mtamu. Kwenye kila pipa palikuwa na maandishi ya lugha asiyoijua mtu, na chini yake picha ya fuvu la kichwa. Kapteni Lweno, afisa wa stoo, alilitazama fuvu lile akawaeleza vijana wake kwamba maana yake ni bidhaa ya watu wenye vichwa vigumu.

Wakaingiza mikono kwenye makarai, mpaka viwiko. Glavu zilikuwapo, nyeupe kabisa, lakini hizo zilikuwa za gwaride. Siku za joto walijipangusa Mtamu shingoni, kwa kuwa ulipoza vizuri. Ikifika saa sita watu walikuwa wanacheka bila sababu, wengine wanaegemea ukuta, na Kapteni Lweno alikuwa akiandika katika taarifa yake kwamba ari ya wapiganaji iko juu.

Tatizo lilikuwa moja, nalo lilikuwa la daftari.

Stoo ya Ng'arisha ilikuwa na Daftari la Vimiminika, na daftari hilo lilikuwa na safu tatu. Ya kwanza MAJI, ya pili MAFUTA, ya tatu MENGINEYO. Kitu chochote kilichoingizwa katika safu ya MENGINEYO kilihitaji sahihi ya Mkuu wa Nchi mwenyewe, na Mkuu wa Nchi alikuwa ametulia. Mapipa ya kwanza yalikaa getini miezi minne yakisubiri sahihi hiyo, huku kutu ikisonga mbele pande zote.

Mwezi wa tano Kapteni alimwita Koplo Mwidini Kalunde, ambaye siku zile alikuwa kijana mwenye mwandiko mzuri kuliko wote kambini. Watu walisema mwandiko wa Mwidini ni wa chapa, hauna hata herufi moja inayolegea.

"Koplo, kilichomo humu kina rangi gani?" akauliza Kapteni, akigonga pipa kwa kiatu.

"Hakina rangi, afande."

"Kimiminika kisicho na rangi kinaitwaje?"

Mwidini alijua jibu linalotakiwa. Alijua pia kwamba si la kweli, lakini alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, na mbele yake alisimama kapteni.

"Maji, afande."

"Si unaona? Andika."

Akaandika. Akaandika kila Jumatatu kwa miaka ishirini na miwili, *Maji, mapipa manne*, herufi zimesimama wima kama askari walioambiwa mguu sawa. Mapipa yakaingia, makarai yakajaa, na hakuna aliyeuliza tena.

* * *

Wizara iliyowashughulikia wastaafu iliitwa Wizara ya Mashujaa na Bustani, kwa sababu vyote viwili vilihitaji kumwagiliwa mara moja kwa mwaka. Mwidini alikwenda Dirisha la Sita kuomba Hati ya Utambuzi. Bila hati hiyo Hospitali ya Mashujaa haikufungua mlango, na hati yenyewe haikutolewa mpaka ionekane kwamba ugonjwa ulitokana na utumishi.

Dirishani alikaa Karani Ponela, kijana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Shikamoo, mzee. Tunaumwa nini?"

"Marahaba. Ninatetemeka, kama unavyoniona. Na figo."

"Naona, ila sijaandika, nisikutie hatiani. Imetokana na nini?"

"Ile dawa ya kuoshea bunduki, kule Ng'arisha. Tumeiogelea miaka ishirini na miwili."

Karani Ponela akaenda ndani, akarudi na Daftari la Vimiminika. Akalipuliza vumbi, akafunua ukurasa baada ya ukurasa, akionekana kufurahia kazi aliyoiona.

"Mwandiko mzuri huu. Lakini hapa hapana dawa, mzee wangu. Hapa pana maji."

"Hayakuwa maji."

"Nani aliyeandika?"

"Mimi."

Ponela akaweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya, na alitaka kumsaidia mzee kwa kadiri utaratibu unavyoruhusu. "Sasa nikuulize, usinielewe vibaya. Serikali iamini ulichosema leo asubuhi, au ulichoandika miaka ishirini na miwili?"

Ponela akavuta karatasi iliyopigwa chapa, Orodha ya Magonjwa Yatokanayo na Maji. "Tusikate tamaa. Kuna kichocho, kuna kipindupindu, kuna homa ya matumbo, na kuna kuzama. Mimi kwa umri wako ningekushauri kuzama. Kuzama kunakupa kitanda wiki mbili, na mablanketi."

"Sikuzama, mwanangu."

"Watu wengi wamezama na hawajui," akasema Karani Ponela kwa upole.

Mwidini akarudi nyumbani mikono mitupu. Jirani yake, Chilumba, yeye alikwenda Dirisha la Sita wiki iliyofuata, na kwa kuwa alikuwa na hali mbaya zaidi alichukua kichocho. Akalazwa Hospitali ya Mashujaa, akatibiwa kichocho kwa dawa nzuri kabisa, na mwezi wa pili akafa. Cheti alichopewa mjane wake kilisema marehemu alifariki akiwa amepona.

Jioni ya mazishi Zamda alimkuta mumewe amekaa kitandani, mikono ameibana katikati ya magoti ili itulie.

"Baba Siwema, ungechukua tu kule kuzama," akamwambia. "Kitanda ni kitanda. Ukishafika mle ndani, daktari mwenye huruma hakosi."

"Nikichukua kuzama, Chilumba atakuwa amekufa kwa kichocho. Na Dege amekufa kwa uzee, na Mzee Sefu kwa kulogwa. Watu kumi na tisa, Mama Siwema. Wote wamezikwa chini ya neno langu."

"Uliamriwa."

"Niliamriwa, lakini mkono ulikuwa wangu. Nataka neno lile libadilishwe. Hilo tu. Likibadilika, milango itafunguka kwa hawa waliobaki."

Zamda aliiona aibu iliyokuwa usoni pa mumewe, ikamuuma kuliko ule mtetemeko. Hakubishana naye tena. Akatoa karatasi, na kwa kuwa Mwidini hakuweza kuandika barua inayosomeka na mtu wa wizarani, akamwandikia yeye.

* * *

Barua hiyo ilizaa Tume. Tulieni walipenda sana tume, kwa sababu tume hukaa, na kukaa ni aina ya kutulia. Hii ilipewa jina la Tume ya Kubaini Iwapo Maji ni Maji, na mwenyekiti wake akawa Waziri wa Mashujaa na Bustani mwenyewe, Mheshimiwa Jenerali mstaafu Lweno, yule yule aliyekuwa Kapteni Lweno wa stoo ya Ng'arisha. Uteuzi wake ulisifiwa na magazeti yote, kwa hoja kwamba hakuna anayelijua jambo hilo kama yeye.

Asubuhi ya kikao Zamda alifunga kitambaani kipande cha sabuni, taulo na mswaki. Kughushi daftari la serikali kulikuwa na kifungo cha miaka saba, na Mwidini alikuwa anakwenda kukiri.

Waziri alifungua kikao kwa hotuba.

"Wananchi watulivu," akasema, "maji ni uhai. Hilo halina mjadala. Sasa anayeyashutumu maji, anaushutumu uhai. Na anayeushutumu uhai, tujiulize, na tujiulize kwa utulivu, huyu mtu yuko upande gani?" Ukumbi ukapiga makofi matatu, idadi iliyoruhusiwa. "Maji ndugu zangu hayana makuu. Ukiyatia katika bilauri, yanakaa. Ukiyatia katika ndoo, yanakaa. Laiti kila mwananchi angekuwa kama maji."

Kisha akaitwa Mtaalamu wa Vimiminika, aliyesomea ng'ambo kwa wiki tatu. Pipa liliwekwa mwisho wa ukumbi. Mtaalamu alilitazama kwa mbali, akapeleka fimbo ndefu akaligonga, akatega sikio.

"Linasikika maji," akasema.

Akaulizwa kuhusu harufu. Akajibu kwamba harufu si fani yake. Akaulizwa kuhusu wastaafu ishirini na mmoja wanaotetemeka mtaa mmoja. Akajibu kwamba utafiti unaonyesha mtetemeko unasababishwa na kutotulia, na kwamba wagonjwa wote waliochunguzwa walikutwa hawajatulia hata kidogo.

Hapo ndipo Mwidini alipoitwa. Alijikongoja hadi mbele, akasimama akishikilia kiti. Waziri alimtazama, naye akamtazama Waziri. Walikuwa wamekula sahani moja miaka mingi. Mwidini aliona kwamba mkono wa kushoto wa Waziri ulikuwa mfukoni tangu kikao kianze, na kwamba kitambaa cha mfuko kilikuwa kinachezacheza bila kukoma.

"Niliandika uongo," akasema Mwidini. "Kilichokuwa katika mapipa hakikuwa maji. Nilijua. Nimekuja nifungwe, na neno libadilishwe."

"Mzee, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge," akasema Waziri. "Uliandika maji."

"Tuliyaoga, Mheshimiwa. Ndiyo maana niko hivi. Na wewe unajua."

Mfuko wa Waziri ukatikisika zaidi, kisha Waziri akaegemea meza ili usionekane.

"Tume haiwezi kumfunga mtu kwa neno la mdomo," akasema. "Kwanza tuhakikishe kuwa wewe ndiye uliyeandika. Apewe kalamu. Aandike neno Maji."

Mwidini akapewa kalamu. Akashika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, na ikawa ni mikono miwili inayotetemeka mahali pa mmoja. Aliandika kwa muda mrefu, jasho likimtoka, na alipomaliza karatasi ilikuwa na kitu mfano wa njia ya siafu. Mtaalamu akaiweka kando ya daftari. Huku herufi zimesimama wima, huku siafu.

"Hazifanani," akasema Mtaalamu.

Wakajaribu dole gumba, kwa kuwa jeshi lilikuwa na alama za vidole vya kila askari. Gumba la Mwidini likapakwa wino, likagandamizwa, likaacha doa jeusi lisilo na mstari hata mmoja. Miaka ishirini na miwili ya Mtamu ilikuwa imelilainisha kama mgongo wa kijiko.

Tume ikajitenga kwa dakika nne, ikarudi na uamuzi. Daftari la Vimiminika liliandikwa na mtu mwenye mkono uliotulia. Mzee aliyesimama mbele ya Tume hana mkono uliotulia, wala kidole kinachojulikana. Kwa hiyo mzee huyu siye Koplo Mwidini Kalunde, bali ni mtu anayejaribu kumchafulia Koplo Kalunde jina. Kwa kuwa siye aliyeandika, hawezi kufungwa. Kwa kuwa hakutumikia, hawezi kutibiwa. Na kwa kuwa aliyeandika alikuwa mwaminifu, basi alichoandika ni kweli. Maji ni maji.

"Aidha," akamalizia Waziri, "Tume inapendekeza Koplo Kalunde, popote alipo, atunukiwe Nishani ya Utulivu, Daraja la Pili."

Zamda alimsubiri nje na kitambaa chake. Mwidini alipomsimulia, Zamda alitaka kucheka, akashindwa. Walirudi nyumbani na sabuni yao ikiwa nzima. Nishani ilitundikwa katika ukumbi wa Wizara, na chini yake pakawekwa tangazo la kumtafuta mwenyewe.

* * *

Sasa uamuzi wa Tume ulikuwa na mkia. Kama maji ni maji, basi kule Ng'arisha palikuwa na mapipa arobaini ya maji yaliyokaa bure tangu kambi ifungwe, wakati mabomba ya Mtaa wa Mashujaa yalikuwa makavu tangu masika. Serikali iliyajumlisha mambo hayo mawili ikashangaa jinsi yanavyopatana. Mapipa arobaini, nyumba arobaini. Ikaamuliwa yagawiwe Siku ya Mashujaa.

Lori lilifika saa tatu asubuhi. Aliyelisimamia alikuwa Karani Ponela, aliyekwisha kupandishwa cheo kuwa Afisa Msambazaji, na sasa alikuwa na kalamu nne. Mapipa yalikuwa yamepakwa rangi ya bluu, na pale palipokuwa na fuvu pamebandikwa karatasi: MAJI, ZAWADI YA TAIFA KWA MASHUJAA WAKE. Wanawake wakatoka na ndoo na madumu, wakapanga foleni. Walikuwa wamechota maji kwenye korongo miezi mitatu, na walikuwa na haki ya kufurahi.

Mwidini alikuwa amekaa mlangoni. Upepo ulipogeuka, ile harufu ya ndizi iliyooza ikamfikia. Akainuka.

Ponela alimwona akamjia na daftari. "Shikamoo, mzee. Afadhali wewe. Nahitaji mwakilishi wa mtaa aweke sahihi hapa, tumepokea maji, mapipa arobaini."

"Sahihi yangu mlisema si yangu."

"Ile ilikuwa sahihi ya kulalamika, mzee wangu. Ya kupokea inatosha yoyote."

Mwidini hakuichukua kalamu. Alimwita mkewe kwenye foleni. "Mama Siwema, nipe mkaa."

Zamda akachota kipande cha mkaa jikoni akampa. Mwidini akaburuta miguu hadi kwenye pipa la kwanza lililoshushwa, akaliegemea kwa bega, akaanza kuandika. Herufi ya kwanza ilimchukua muda mrefu sana. Ya pili ilitoroka ikapanda juu, ya tatu ikavunjika katikati, ya nne ikaishia ukingoni mwa pipa. Alipomaliza alikuwa anahema.

Ponela akainamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule. "Umechora nini, mzee? Milima?" Akamwita dereva, dereva akasema labda ni kuku. Maafisa wawili walioshuka naye wakatazama, nao hawakuona kitu.

Zamda alikuwa hatua ishirini kutoka hapo. Hakusogea. Miaka tisa alikuwa amesoma vikaratasi alivyoachiwa na mkono ule, *nimekwenda kwa Sefu*, *dawa zimekwisha*, *usinisubiri kula*, na aliusoma kama wengine wanavyosoma gazeti.

"Sumu," akasema.

"Sumu," akasema mjane wa Chilumba nyuma yake, ambaye mumewe alikuwa na *S* ya namna ile ile.

Neno likapita kwenye foleni, na hakuna aliyelihitaji, kwa sababu kila mmoja alikuwa amekwisha kulisoma mwenyewe. Kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na mwandiko ule, au ilikuwa nao kabla ya kuuzika. Wanawake wakainama, wakachukua ndoo zao tupu, wakaanza kuondoka.

"Kina mama, mbona mnaondoka?" Ponela akauliza. "Maji haya ni yenu."

"Hayo tulishayaoga, mwanangu," akajibu mjane wa Chilumba bila kugeuka. "Waume zetu walituogea."

"Ameandika sumu," Zamda akamwambia Ponela. "Soma."

"Mama, mimi sijaweza kusoma. Na kisichosomeka na afisa kinahesabiwa hakikuandikwa." Alisema hivyo kwa masikitiko ya kweli, kisha akafungua fomu ya taarifa akajaza: *Wakazi wamekataa maji. Mtaa hauna kiu.* Akawaamuru vijana wa lori wapakie pipa lile na kufunga kamba.

"Yanakwenda wapi?" akauliza Mwidini.

"Usiwe na wasiwasi, hayapotei. Shule ya Msingi Nyamaza wameomba maji mwaka mzima. Watoto mia sita. Watafurahi sana."

Mwidini aliyatazama mapipa. Kule Nyamaza hapakuwa na mstaafu hata mmoja. Hapakuwa na vikombe vinavyogonga visahani, wala mke aliyejifunza kusoma siafu. Mtoto wa shule akiuona mkaa ule kwenye pipa atadhani ni uchafu, na ataupangusa kwa mkono.

"Mama Siwema," akasema, "nivalishe viatu."

Zamda alimtazama. "Unakwenda kufanya nini huko, na hali yako hii?"

"Kuwasomea."

Zamda alipiga magoti mavumbini akamfunga kamba za viatu, polepole, fundo mara mbili, kwa maana alijua hatakuwapo mtu wa kumfunga zikilegea. Alikuwa analia na hakujificha. Akaingia ndani akatoka na kile kitambaa cha siku ya Tume, sabuni na taulo na mswaki vikiwa bado havijaguswa, akaongeza mikaa mitatu mikubwa.

"Usirudi umelowa," akamwambia.

"Nitajitahidi."

Wanawake waliokuwa wameondoka wakarudi bila kuitwa. Wanne wakamshika makwapani na magotini, wakampandisha nyuma ya lori, wakamketisha katikati ya mapipa, mgongo wake ukiegemea lile lililoandikwa. Alipokaa, mapipa ya jirani yakaanza kutoa mlio mdogo wa kugongana, kwa mtetemeko wake.

Ponela akaja mbio. "Haiwezekani, mzee. Lori la serikali halibebi kitu kisichoingizwa daftarini."

"Basi niingize," akasema Mwidini.

Dereva alikuwa amekwisha washa injini, na jua lilikuwa linapanda. Ponela akafungua daftari. MAJI. MAFUTA. MENGINEYO. Alisita juu ya safu ya tatu, akakumbuka sahihi ya Mkuu wa Nchi, akatazama barabara ndefu ya kwenda Nyamaza. Akachomoa kalamu yake nzuri, akafuta tarakimu aliyokuwa ameandika asubuhi, na kwa mwandiko safi, herufi zimesimama wima, akaandika upya: *Maji, mapipa arobaini na moja.*